TANGU NGUMBARU HADI KOMPYUTA
Historia ya mama mtu mzima na kazi yake hapa Dodoma



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha salama katika sherehe hii ya miaka kumi. Pili, tuwakumbuke wenzetu waliotangulia mbele ya haki, Mungu awalaze mahali pema.

Kamati ya maandalizi imenipa kazi ya kuandika historia. Habari za hisa, mikopo na gawio ameziandika mweka hazina vizuri kuliko mimi, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nataka niandike habari za Mfuko wa Elimu, ule mfuko mdogo wa pembeni ambao wageni wakitutembelea hawauelewi. Wanatuuliza, kikundi cha akina mama watu wazima, wengine wana wajukuu, elimu ya nini tena? Si muwasomeshe watoto tu? Jibu lake limo katika historia ya mkoa wetu, na kwa sababu hiyo itabidi nianzie mbali kidogo.

KAZI YA KARANGA KONGWA

Wazee wa Kongwa wanaijua habari hii. Mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula, ikaanzisha mashamba makubwa ya karanga pale Kongwa. Yakaletwa matrekta, pori likafyekwa, na watu wetu waliokuwa wanajua jembe na kuchunga ng'ombe wakafundishwa kuendesha mashine na kushika spana. Lakini mvua za kwetu mnazijua, na ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa ngumu kama saruji. Karanga hazikutoka kama walivyotarajia. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukafutwa.

Yule aliyejifunza trekta alifanya nini na ujuzi wake? Mwenye bahati alipata udereva au gereji mahali pengine. Asiye na bahati alirudi kwenye jembe. Mimi naliona hili kuwa somo la kwanza. Kazi inaweza kukukimbia wewe ukiwa bado una nguvu zako, na ujuzi uliofundishwa mara moja tu ujanani hauwezi kukuvusha mpaka uzeeni.

MIAKA YA NGUMBARU

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu watu wazima saba katika kila kumi hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1971 zikachaguliwa wilaya sita za kuanza kufuta ujinga, zikiwemo Mafia, Ukerewe na Masasi, halafu kazi ikaenea nchi nzima mpaka vijijini kwetu Ugogo.

Watu waliita ngumbaru. Madarasa yalikuwa shuleni jioni, au chini ya mti, na walimu wengine walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba tu. Vitabu vyake vilihusu kazi ambazo watu walikuwa wanazifanya kila siku, kama kilimo cha pamba, ufugaji wa ng'ombe na chakula bora. Mama yangu mzazi alisoma hivyo. Alikwenda na mtoto mgongoni na mimi nikimfuata nyuma, na siku za mwanzo alikuwa anashika kalamu kama anavyoshika mwiko. Baadaye akawa anasoma mwenyewe uzito kwenye mzani wa mnunuzi wa mazao. Tangu siku ile mnunuzi yule akaacha kumpunja.

Mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo ulifanyika mwaka 1975, na wasiojua kusoma wakawa wameshuka mpaka asilimia 39. Kufika mwaka 1986 walikuwa asilimia 9.6. Nchi nyingi zilikuja kujifunza kwetu.

Na wafanyakazi nao hawakusahauliwa. Mwaka 1973 Waziri Mkuu alitoa agizo kwamba kila mahali pa kazi paanzishwe mafunzo ya wafanyakazi na pawe na ofisa wa kuyasimamia. Mfagizi aliweza kusoma pale pale kazini kwake. Mwaka huo huo wa 1973 ndipo ilipoamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na ikaundwa CDA. Kazi za ofisini zikaanza kuongezeka hapa kwetu. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikawekewa sheria yake yenyewe.

Sasa hapa naomba msomaji asimame kidogo. Watu wa wakati ule hawakuwa na akili kuliko sisi. Walifaulu kwa sababu mambo matatu yalibebwa na mwingine. Mwalimu alikuwepo bila kulipiwa. Mahali pa kusomea palikuwa karibu. Na muda ulitolewa, kwa maana kwamba bwana nyumbani na mkubwa wa kazi wote walijua kuwa saa ile ni ya kisomo na hakuna wa kumzuia mama. Yeye kazi yake ilikuwa ni kwenda tu. Mkiyashika haya matatu mtaielewa historia yote inayofuata.

REDANDANSI

Miaka ya 1980 hali ya uchumi ikawa mbaya, mnakumbuka foleni za sukari na sabuni. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa, mengine yakafungwa, na ikawepo tume maalumu ya kazi hiyo, PSRC. Serikali nayo ikapunguza watumishi wake. Sisi tuliita redandansi. Wengi waliopunguzwa walikuwa watu wa ngazi ya chini, yaani wahudumu, walinzi, wapishi na wafagizi.

Aliyepunguzwa alipewa haki yake akaambiwa akafanye biashara. Biashara nani alimfundisha? Alijifunza kwa kula hasara. Wengi katika mtaa wetu walifungua magenge, na baada ya mwaka mmoja genge halipo na hela ya kiinua mgongo haipo. Yale mambo matatu yalikuwa yamekwisha kimya kimya. Madarasa ya ngumbaru yalipungua, mafunzo kazini yakabaki kwa wakubwa, na idadi ya wasiojua kusoma nchini ikaanza kupanda tena.

Wakati huo huo kompyuta zikaanza kuingia maofisini. Mwenzetu mmoja alikuwa mpiga chapa tangu mwaka 1989, vidole vyake vinakwenda kama mvua ya mawe kwenye bati. Kompyuta ilipokuja katika ofisi yake akapewa binti aliyetoka chuoni, yeye akawa mtu wa kubeba mafaili. Hakuna aliyemfukuza, ila kila mtu aliona kwamba kazi yake imekwisha. Alichofanya ni kubaki ofisini saa ya chakula mwaka mzima, akimnunulia yule binti chai na maandazi ili amfundishe. Alistaafu akiwa na miaka 60 kamili, katibu muhtasi, mezani kwake kompyuta yake. Habari hii ndiyo huwa nawaambia wanaosema samaki mkunje angali mbichi. Samaki huyu alikunjwa akiwa na miaka 44.

Haki isemwe, serikali haikukaa bure. Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha VETA, na waajiri wakatakiwa kuchangia tozo ya ufundi stadi kutokana na mishahara wanayolipa. Lakini macho ya watu wengi yalikuwa kwa vijana. Mama wa miaka 45 hakuwaza kwamba pale getini anaweza kuingia na yeye.

MWAKA 2017

Sasa nafika penye uchungu, nitaandika bila kumlaumu mtu.

Mwaka 2004 serikali iliweka utaratibu kwamba kuanzia tarehe 20 Mei mwaka ule, anayeajiriwa serikalini awe na cheti cha kidato cha nne angalau. Hata hivyo watu wa darasa la saba waliendelea kuajiriwa kwa kazi za usafi, ulinzi, upishi na udereva. Waliojaza fomu walisema ukweli kuwa wao ni darasa la saba, na wakapokelewa.

Halafu ukaja uhakiki wa vyeti. Mwezi Aprili 2017, hapa hapa Dodoma katika Chuo Kikuu, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti yenye majina 9,932 ya watumishi waliokutwa na vyeti vya kughushi. Hao walikuwa na lao. Lakini katika kipindi kile waliondolewa na wenzetu wa darasa la saba ambao hawakughushi kitu chochote. Cheti chao kilikuwa cha kweli, ila kilikuwa kifupi.

Mimi ni mmoja wao. Nilikuwa mhudumu katika ofisi moja ya hapa mjini tangu mwaka 1996. Mwaka 2018 serikali ilitangaza bungeni kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini, na mimi nikarudi. Wenzangu watatu wa kikundi hiki waliajiriwa baada ya tarehe ile. Tangazo halikuwagusa.

Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Aliyeajiriwa baada ya Mei 2004 akaondolewa Mei 2017 ana miaka 13, miezi 156 tu. Kwa hiyo mwenzetu alikosa mshahara wa mwezi ule, na akakosa pensheni ya uzeeni vilevile, akiwa na miaka hamsini na kitu. Kuajiriwa upya kwa umri huo bila karatasi ni kama kuchota maji kwa pakacha.

Tuseme ukweli, kufagia wale akina mama walikuwa wanajua. Dawa ipi inaua wadudu na ipi inaharibu sakafu walikuwa wanajua kuliko waliokuja kushika nafasi zao. Ujuzi ulikuwepo mkononi, karatasi haikuwepo.

MFUKO WETU UNAZALIWA

Kikundi chetu tulikianzisha mwaka 2015, wanawake kumi na wanane, kwa mtindo wa VICOBA. Mtindo huu wa kununua hisa na kukopeshana wenyewe asili yake ni akina mama wa Niger, ambako ulianza mwaka 1991, na kwetu Tanzania ukaenea kuanzia miaka ya 2000. Wakati ule mawazo yetu yalikuwa biashara ndogondogo, ada za watoto na bati za nyumba.

Wenzetu walipotolewa kazini, katika mkutano mmoja akasimama mama mmoja akasema, "Tunakopeshana kununua mbuzi, kwa nini tusikopeshane kununua kidato cha nne?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Siku hiyo tukakubaliana kila mmoja achangie shilingi 500 kila wiki nje ya hisa, ziwekwe bahasha yake ndani ya sanduku, na mkopo wake usiwe na riba. Anayekopa ni mwanachama mwenye kazi au anayetafuta kazi, mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Wa chini ya hapo ana mahali pengi pa kusaidiwa.

Mfuko umetumika kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kurudi shule. Kuna mtihani wa Maarifa, watu wanauita QT, ambao mtu mzima aliyeishia darasa la saba akiufaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wanachama wanne walijaribu. Wawili wana cheti cha kidato cha nne leo, na mmoja wao alifanya mtihani chumba kimoja na binti yake. Ana kazi ya mkataba ya kupokea wageni. Wa tatu hakufaulu QT mara mbili, hisabati ilimshinda. Wa nne aliacha kwa sababu ya kuuguza. Hawa wawili hatuwacheki, mkopo wao wamerudisha mpaka shilingi ya mwisho, na kitu walichojifunza hakuna wa kuwanyang'anya.

Ya pili ni kupimwa ujuzi. VETA wana utaratibu wa kumtambua mtu aliyejifunza kazi kwa vitendo bila kupita chuoni. Mpimaji anaangalia kazi yako unavyoifanya, anakuuliza maswali, na panapopungua unapewa mafunzo mafupi ya kuziba pengo, halafu unapata cheti. Uashi upo, useremala upo, upishi upo, ufundi magari upo. Hii kwa mama mtu mzima ni njia nyepesi kuliko kurudi kwenye aljebra. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mahoteli na nyumba za wageni zimeota kila kona, na zinataka wapishi wenye cheti. Mwenzetu mmoja amepika miaka 22, ugali wake na mlenda mnaujua nyote. Alipoambiwa na mwajiri alete cheti alitaka kuacha kazi. Tulimlipia, akapimwa. Pengo lake lilikuwa usafi wa jikoni na utunzaji wa nyama, akafundishwa. Yuko kazini mpaka leo na sasa anafundisha wasichana.

Ya tatu ni kompyuta na simu kubwa. Miaka hii mtumishi anajaza kazi zake kwenye mfumo wa PEPMIS, likizo anaomba kwenye mfumo, malipo ni kwa namba ya kumbukumbu. Mtunza stoo mwenye leja safi ya miaka ishirini anaonekana mzembe kwa sababu tu hajui kufungua ukurasa. Wengine walikuwa wanawalipa vijana wawajazie, na nywila wanawapa! Hatari hiyo. Sisi tulipata dawa rahisi. Mwanachama mmoja amepangisha vyumba kwa wanafunzi wa UDOM. Tukazungumza na vijana wawili, wanatufundisha Jumamosi saa nane mchana kabla ya mkutano, na kikundi kinawalipa nauli na chakula. Kompyuta ni moja ya mkono, tulinunua kwa hela ya faini za kuchelewa. Kwa hiyo wachelewaji wetu nao wamechangia maendeleo, tunawashukuru.

TULIYOJIFUNZA

Katika miaka hii nimeona mambo ambayo nataka yabaki kwenye maandishi.

Kwanza, mtu mzima hashindwi kwa sababu ya kichwa. Tukiangalia daftari letu, walioacha njiani wote isipokuwa mmoja waliacha kwa ajili ya muda, nauli au mgonjwa nyumbani. Ndiyo yale matatu ya ngumbaru. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia, usimhubirie kwamba elimu haina mwisho. Mchukulie mjukuu wake saa mbili, mpe nauli ya daladala.

Pili, mtu mzima hafundishwi kama mtoto. Ukianza na historia ya kompyuta atasinzia. Anza na fomu ya likizo yake mwenyewe, hiyo hatasahau. Vitabu vya pamba na ng'ombe vya miaka ile vililijua jambo hili zamani.

Tatu, jifunze kazi ingali inaendelea. Aliyekwenda VETA akiwa kazini alipata cheti na hakupoteza mshahara. Aliyesubiri mpaka atolewe alijifunza huku ananjaa.

Nimesoma kwamba huko Singapore, tangu mwaka 2016 kila raia kuanzia miaka 25 anawekewa na serikali fungu la kujifunzia, na mwaka 2024 wenye miaka 40 na kuendelea wakaongezewa kubwa zaidi. Wameona kwamba wa miaka arobaini ndiye anayehitaji zaidi. Singapore ni matajiri, sisi tuna bahasha kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Lakini wazo ni lile lile, na sisi tulilianza kwa mia tano mia tano bila kuambiwa na mtu.

TUNAYOOMBA

Kwa wafadhili na wapenda maendeleo wetu, hatuombi mtusomeshe bure. Tunaomba kompyuta mbili zaidi na mahali penye umeme wa uhakika. Kwa waajiri wa hapa mjini, mhudumu wako wa miaka 50 mpe saa mbili kwa wiki akajifunze, zitakurudia. Mnalipa tozo ya ufundi tayari, waulizeni VETA wafanyakazi wenu wanafaidikaje. Kwa viongozi wetu, linapokuja badiliko la sifa za kazi, litangazwe mapema na litanguliwe na darasa, kama ilivyokuwa mwaka 1973.

Na kwenu wanachama. Mimi nimetimiza miaka 55, sheria inaniruhusu kustaafu kwa hiari na inanitaka niondoke nikifika 60. Nimeamua kuendelea, na Januari nitaanza kusomea QT. Fomu nimeshachukua. Anayetaka tuandikishwe pamoja aniambie kabla ya mkutano wa Jumamosi ijayo, maana bahasha ina nafasi ya watu watatu tu kwa mwaka huu.

Haba na haba hujaza kibaba. 

Mwenyekiti